Siku Wanawake wa Upande wa Baba Walipobaki Nyumbani

Kila wiki baba alikuwa na dakika zake redioni, kwa Kikamba, na sokoni Kathonzweni wenye maduka walikuwa wakiongeza sauti akianza. Alitetea mila na kanisa. Wasichana wa suruali aliwachapa kwa maneno. Vikundi vya mwethya, ambamo akina mama walichimba mabwawa na matuta kwa pamoja, navyo aliviandama. "Jembe ni sawa," alisema, "lakini siasa waachie wanaume. Mama wa heshima hapangi foleni na waume za watu." Wanaume walicheka mpaka machozi. Mimi, mwalimu mwenye mdomo, nilizima redio kwa hasira, halafu nikaiwasha tena. Jamani, baba alijua kuongea!

Ndipo ukaja mwaka wa kura ya mlolongo, watu wakitakiwa kusimama nyuma ya mgombea wao na kuhesabiwa peupe. Baba akasimama kugombea. Kiti cha ubunge alikuwa amekitamani tangu nikiwa mdogo, na safari hii, kila alikopita, watu walimwambia ni chake.

Asubuhi hiyo uwanja wa shule ulijaa. Nyuma ya baba walijipanga wanaume wa kanisa, wamenyooka, wanajiamini. Mpinzani wake alikuwa mchuuzi wa mbuzi ambaye hata sentensi moja hakuweza kuimaliza, maskini. Lakini aliwahi kuwabebea akina mama wa mwethya mawe ya bwawa. Wakaja wakiimba, watoto mgongoni, wakajipanga nyuma yake. Mstari ukapita vyoo, ukatoka langoni, ukashika barabara.

Baba akageuka. "Wake zenu wako wapi?" akauliza.

Shemasi mmoja akainamisha kichwa. "Si ulisema wabaki nyumbani, mzee?"

Hata hakuwa akimsuta. Walikuwa wamemtii tu, wote, nyumba kwa nyumba.

Nilikuwa mwanamke pekee katika mstari wake. Mungu anajua sikukubaliana naye hata kidogo, ila alikuwa baba yangu, na singemwacha asimame hivyo. Aliponiona nilidhani atanifukuza. Midomo ilimcheza, akageuka haraka kutazama mbele. Roho iliniuma vibaya sana.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mama alikuwa ameketi mlangoni, amevaa gauni lake la kanisa, kitambaa kichwani, viatu miguuni. Kadi ya chama, ile iliyotakiwa kwenye mlolongo, alikuwa ameishika mkononi.

"Imekwisha?" akauliza.

"Imekwisha," baba akasema. "Nimeshindwa. Unaenda wapi na hizo nguo?"

"Siendi popote. Nimevaa tangu alfajiri," mama akasema. "Nilikuwa nangoja uniite."

Baba akakaa chini mchangani na koti lake jipya, akalia kwa sauti. Mama akavua viatu, akaenda kumpikia.