Dishi la Kusikiliza Jua

Mdogo wangu ni fundi wa madishi ya televisheni. Mtaani wanamwita Spana, kwa maana dishi akishalifunga yeye, hata upepo wa kung'oa mabati haulisogezi. Hilo ndilo jambo pekee analojisifia.

Watu walipoanza kutazama vipindi kwenye intaneti, madishi yakawa yanatupwa. Akaokota manne, akayafunga kwenye fremu ya chuma juu ya paa lake la zege, akatuambia anatengeneza darubini ya redio. Haitazami, alisema, inasikiliza; hata jua la Mwenyezi Mungu lina mlio wake. Mimi nikasema amina, nikaendelea kuchambua mchele.

Wifi yangu hakusema amina. Yeye hufua shuka za nyumba ya wageni, na pale juu ndipo anapoanika. Mumewe alikuwa amemwachia kamba moja tu. Akampa mpaka Jumamosi: jua lisiposikika, madishi yaende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Kila asubuhi ikawa vilevile. Spana anayaelekeza madishi kwenye jua, kile kipimo anachotafutia stesheni kinalia, mshale unapanda. Hapo anakaza nati zote mpaka mwisho, anashuka kumwita mkewe. Wakija kupanda, mshale umelala. Akabadilisha waya, wapi. Wifi akamuuliza kama jua linamwonea yeye haya.

Jumamosi nilimsaidia wifi kupandisha beseni. Chini, mnunuzi wa vyuma alikuwa keshafika, ameegemea mkokoteni. Spana kachuchumaa anakagua waya uleule. Kivuli cha ukuta kikazifikia shuka, wifi akazisogeza. Kisha akasimama, akamtazama mumewe.

"Baba Pacha," alisema taratibu, "mimi shuka nazihamisha kulifuata jua. Wewe umekaza dishi kwa spana, unangoja likurudie?"

"Dishi halisogezwi," akajibu, halafu akageuka kuzitazama shuka.

Miaka yote setilaiti anazozielekezea madishi zimekaa palepale angani. Hajawahi kufunga dishi la kufuata kitu. Alilegeza nati kubwa ya fremu kama mtu anayejing'oa jino, akaisukuma fremu kidogo. Mshale ukapanda. Baada ya muda ukashuka, akasukuma tena, ukapanda.

Wifi akasikiliza, akasema jua linalia kama mbu. Akaenda ukingoni kumwambia mnunuzi aondoke na mkokoteni wake, kisha akamwambia mumewe kamba zake zirudi leo hii.

Zimerudi. Madishi yamebanwa pembeni, na ile nati imebaki legevu. Spana akipita huigusa, huikaza nusu, halafu huilegeza.