Samaki Aliyegeuka Mweusi

Mimi ni mtu wa hofu, sifichi. Tangu mzee wangu, baba watoto, apigwe na kiharusi, akarudi nyumbani kutoka hospitali bila neno hata moja mdomoni, nilikuwa nikiamka nasikiliza kwanza kama anapumua. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa, na mguu nao hivyo hivyo. Kazi yake ikabaki moja tu: kukaa mbele ya tangi la kioo ambalo kijana wetu alimnunulia mjini Kericho, akiangalia samaki.

Walikuwa sikilidi wachanga, ndugu za tilapia tunayokula, wote wa manjano wenye mistari myeusi. Ungewatofautishaje? Mimi nilimjua mmoja tu, mdogo kuliko wote, mkia umepasuka kidogo. Mzee akigusa kioo, huyo alikuwa anakuja hadi kidoleni, na hapo ndipo mzee alikuwa anacheka. Hakuna kitu kingine kilichomchekesha. Moyoni nikajiambia, huyu akifa, mzee naye ataenda.

Halafu mmoja akaanza kubadilika. Manjano ikafifia, akawa mweusi kuanzia tumboni. Woi! Mkulima wa chai akiona majani mazuri yanageuka meusi anajua ni barafu ya usiku; shamba letu liliwahi kuungua hivyo, tukalia. Nikajua maji ni baridi, ugonjwa umeingia, na utamfikia yule mdogo. Nikapandisha hita ya kupasha maji ya tangi. Nikatoa mawe yote yaliyokuwa ndani, nikayatia kwa ndoo pale mlangoni, nikapangusa chini kukawa safi vile napalilia chai, ili joto lifike kila mahali. Huyo mweusi nilimwongezea chakula, maskini, nikimbembeleza, "Kula, baba, upone."

Mzee aligonga meza. Akanyoosha mkono mzuri kuelekea mlangoni, akanguruma. Nikadhani anataka kuota jua, nikamfunika blanketi, nikamwambia nje kuna upepo.

Kesho yake mmoja alikuwa anaelea, amekufa, mapezi yamekatwakatwa. Wengine walikuwa wamebanana kwenye kona nyuma ya hita. Yule mdogo alikuwa juu kabisa, mdomo ukigusa hewa, ubavu mmoja hauna magamba. Nikampigia simu aliyetuuzia samaki.

"Mama, huyo mweusi si mgonjwa," akasema. "Hao wakiwa watoto wanafanana. Dume likikomaa na kuwashinda wenzake, ndiyo linageuka jeusi. Sasa linataka tangi lote liwe lake. Ukiona simba amenyeshewa, usidhani ni paka! Na hilo joto linamwongezea ukali. Mawe yako wapi?"

"Nilitoa."

"Jameni, mama! Sasa wengine watajificha wapi?"

Nyuma yangu nikasikia kitu kikikwaruza sakafu. Kugeuka, kiti cha mzee kilikuwa kitupu. Alikuwa mlangoni kando ya ndoo, amesimama, bega limeegemea ukuta, jiwe mkononi. Nikapiga nduru. Kwa hofu nilimwona kama ameshaanguka, kichwa kwenye simiti. Nikatupa simu, nikamkimbilia nimshike.

"Wacha," akaniambia.

Neno lake la kwanza tangu augue. Nikawacha. Nilisimama hapo, mikono nimeitoa mbele kama mtu anayepokea mtoto, naye akaburuta mguu hadi kwenye tangi, akalitumbukiza lile jiwe, maji yakaturukia. Yule mdogo akaingia chini yake. Mweusi akazunguka, akazunguka, hakumpata.

Mzee akageuka, akaanza kurudi kwa ndoo kuchukua lingine. Nilikuwa naogopa kuliko siku ile ya hospitali. Nikashika meza kwa mikono miwili, nisimguse.