Kuku wa Safari ya Bibi

Kila ninapokata tiketi stendi ya Singida, harufu ya kuku aliyekaangwa kwa mafuta ya alizeti hunirudisha kwenye mkeka wa bibi.

Bibi alikuwa mgonjwa, hawezi kukaa. Mama alishakaanga kuku wa safari, akamfunika kwenye ndoo ndogo, maana bibi alikuwa apelekwe hospitali Dar. Baba na baba mkubwa walikuwa wanabishana mbele yake juu ya usafiri. Walibishana kwa Kiswahili, kwa sababu bibi maisha yake yote alizungumza nasi Kinyaturu tu.

“Basi litamtingisha,” alisema baba. “Tumpeleke Manyoni apande treni, humo atalala.”

“Treni inachelewa. Tukodi gari dogo.”

“Gari dogo kwa mtu wa kufa?” Baba alicheka.

Baba mkubwa akakuna kidevu. “Na akifia huko, basi gani litapakia maiti? Kumrudisha itakuwa shughuli. Akiwa hapa, kaburi ni hapo tu nyuma ya zizi.”

Wakatulia kama watu waliokwisha kupata usafiri.

Bibi alijiinua kwa kiwiko. Kwa Kiswahili kilichonyooka, ambacho hatukuwahi kukisikia kinywani mwake, akamwambia mama, “Mkwe wangu, funua hiyo ndoo. Wape wanangu wale, kuku asije akaharibika.”

Nilidhani baba atalia. Alinawa mikono.

Baba mkubwa akauliza firigisi iko wapi.