Injini Iliyotengenezewa Vita

Injini ya Waingereza aliyotuachia baba ilikuwa ya silinda moja, ikiwashwa kwa kamba, na ilitoa moshi kama kuni mbichi. Baba na mama walipofariki niliacha shule, darasa la saba, nikawa navusha watu ziwani. Wadogo zangu watatu walikula na kusoma kwa injini hiyo.

Historia yake nimeijulia Doha, kwenye karakana ya Industrial Area ninakotengeneza injini za boti. Msimamizi wetu, Mhindi wa Kerala, aliniambia kampuni iliyoiunda ilianza ndogo tu, ikiuzia watu wenye mashua za starehe. Vita Kuu vya Pili vilipokuja, jeshi la majini likaagiza kwa wingi injini za kufikisha boti ufukweni.

"Kufika tu," alisema akicheka. "Kurudi, nani angeirudisha?"

Kwa hiyo iliundwa kirahisi, vyuma havikubanana, na ilitaka oili nyingi: kopo moja kwa makopo kumi ya petroli.

Ijumaa iliyopita asubuhi, kitindamimba wetu alinipigia simu ya video. Siku hizi yeye ndiye anayevusha.

"Bro, mgonjwa wako amegoma. Kamba haivutiki kabisa."

"Umemlisha nini?"

"Kawaida. Ila oili nimepunguza. Abiria wananiita Choma Nyama kwa ule moshi. Fundi wa injini za Kijapani akasema kopo moja kwa hamsini."

Pistoni ilikuwa imekwama kwa kukosa oili. Nilisimama katikati ya chumba tunacholala, wenzangu wakianika nguo.

"Toa plagi, mimina oili ndani, uiache mpaka kesho."

"Na hawa watu je? Wameshapanda. Naigonga kidogo tu, ijiachie."

"Usiguse nyundo!"

Alishampa mama mmoja simu amshikie.

"Wewe wa Arabuni, tulia," yule mama akaniambia. "Sisi ndio tuko hapa."

"Mama, tafadhali, mkataze."

"Mwache, ni mwanaume."

Nikasikia pigo la kwanza, la pili, kisha chuma kikilia vibaya. Mdogo wangu akaja kwenye kamera na kipande cha gurudumu la juu, lile linalozungushwa na kamba, kiganjani.

"Hii inapatikana huko, bro?"

Karakana yetu haina hata parafujo ya injini ile.

"Nitaangalia," nikasema.

Yule mama alikuwa bado ameshika simu. Niliwaona abiria wakishuka majini mmoja mmoja, viatu mkononi, na mdogo wangu akiwarudishia mizigo.