Bakuli la Mama Lisiloguswa na Mgeni

Nilipomaliza shule ya jioni pale Lodwar, nilikitembeza cheti changu mpaka mbuzi wa sokoni wakakifahamu. Somo nililolipenda kuliko yote ni biolojia, na katika biolojia yote kichwani ilibaki sentensi moja: wanga ukishasagwa tumboni huwa sukari. Basi mama yangu alipoambiwa kwenye zahanati ya Kakuma kwamba ana kisukari, akapewa vidonge, sikungoja maelezo. Nilipanda gari la asubuhi nikiwa nimeshiba elimu kama gunia la unga.

Kufika kwake, nikapiga marufuku. Ugali, githeri, chapati, uji, hata mtama anaoletewa na dada yake kutoka Katilu.

"Sasa nile mawe?" mama akauliza.

"Nyama na maziwa, mama. Kama zamani."

"Zamani nilikuwa na ng'ombe. Siku hizi nina mtoto aliyesoma."

Lakini alitii, na hilo ndilo linaloniuma. Mama ambaye hajawahi kumsikiliza hata chifu alinisikiliza mimi, kwa sababu ya kile cheti. Asubuhi alimeza kidonge, akanywa chai isiyo na sukari, basi. Nyama ilikuwa ya kubahatisha.

Siku ya nne nilimkuta ameketi mlangoni akitetemeka, ananiita kwa jina la mjomba. Jua la Kakuma hukausha shati kabla hujamaliza kulikamua, ila jasho lake lilikuwa baridi. Nikamshikilia juu ya bodaboda hadi zahanati, moyoni nikisema sukari imepanda.

Muuguzi alimchoma kidole, akatazama kimashine, akakoroga sukari kwenye kikombe cha maji. Nikamzuia mkono.

"Sista, huyu ana kisukari."

"Na sasa sukari imeshuka mno. Niachie mkono." Akamnywesha. "Nani alimwambia aache chakula?"

Mama, akili zikimrudia, akaninyooshea kidole. "Huyu. Ana cheti."

Muuguzi hakunicheka, labda aliona nilivyokuwa nimekauka. Alinieleza taratibu kwamba vidonge vile hushusha sukari, na mwili usipopata wanga, vitashusha hata ile unayoihitaji. Mama alipaswa kula wanga, ila kwa kipimo: ngumi yake moja kila mlo, mboga nusu ya sahani, na maharagwe, dengu au nyama kidogo. Mtama mzima na dengu huingia kwenye damu kwa mwendo wa punda. Chai tamu na mandazi huingia mbio.

"Na atumie bakuli lake mwenyewe," akaongeza.

Hapo ndipo nilipoona kazi. Kwetu chakula kikiwekwa chini ni cha aliyepo. Jirani akisalimu "ejok" mlangoni, ameshakaribishwa, na mama huwasukumia wageni mpaka yeye abaki akilamba vidole. Wiki hiyo bakuli lake lilizunguka mikono kumi na saba, nisipotia chumvi. Mtama uliomrudia haukutosha kifaranga, na kidonge alikuwa ameshameza.

"Mama, utaanguka tena."

"Nimfukuze mtu kwa ajili ya tonge?"

Nilirudi Lodwar na wasiwasi mkubwa kuliko mlima. Mwezi uliofuata nilirudi Kakuma, nikamkuta ameketi na majirani wawili, sinia ya ugali katikati, bakuli lake pembeni. Mmoja akanyoosha mkono kuelekea bakuli.

"Hiyo ni dawa yangu," mama akasema, bila hata kuinua macho.

Mkono ukarudi kwenye sinia. Dawa ya mtu hailiwi, hilo kila mtu analijua, na halikuhitaji cheti.

Nikachungulia: mtama wa ngumi moja, dengu, sukuma wiki tele. Mama alianza kula polepole. Alinisogezea sinia, nami nikakaa na njaa yangu, nikimhesabia matonge mpaka akafuta bakuli kwa kidole.

"Sasa kula," akaniambia. "Nimeshameza."