Nilivyomfunga Kaneel Miguu

Kraaa. Hiyo ndiyo sauti ya Jumamosi zetu za mwaka ule, buti za farasi zikibanduliwa. Buti zenyewe hazivaliwi kwatoni. Ni vifuko vigumu vinavyofungwa chini ya goti kukinga mguu, na mikanda yake inanata kwa vijimeno vidogo vidogo, ukiivuta inalia kama kitambaa kipya kinachochanwa. Mimi ni fundi wa kushona, kwa hiyo sauti hiyo ilinisimamisha masikio kabla sijajua hata kwamba miguu ya farasi inahitaji kukingwa. Pamoja nayo ilikuja harufu ya jasho la farasi, ya ngozi iliyopakwa mafuta, ya majani makavu na mchanga mwekundu ulionyeshewa jana yake. Watu wakiandika habari za utoto huandika wa kwao. Wangu ulikuwa Uvira, Kongo, nao nitaugusa kidogo tu. Ninaotaka kuusimulia ni wa mjukuu wangu wa kike, Riziki, ile miezi michache ya mwaka 2016 alipokuwa na miaka kumi na mmoja, kwa sababu niliuona kwa macho yangu na nusura niuharibu kwa mikono yangu.

Tulikuwa tunakaa Bellevue, Johannesburg, katika nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba, viwili vya nyuma vikiwa vyetu. Mwanangu Amisi, baba yake Riziki, alikuwa akitunza farasi katika shamba dogo nje ya jiji, upande wa Kyalami, kwa mama mmoja mzungu jina lake Marna. Watoto waliokuja kupanda farasi pale walimwita Tannie, yaani shangazi kwa Kiafrikana chake, na mimi yeye aliniita Gogo, kama Wazulu wanavyowaita mabibi. Mama yake Riziki alisuka nywele Yeoville, na Jumamosi msusi hana nafasi hata ya kukohoa, basi mtoto alikwenda na baba yake, na mimi nilikwenda na mtoto, kwa kuwa simwamini mnyama aliyezidi ukubwa wa kabati. Riziki alizoa samadi na kujaza ndoo za maji, na baada ya hapo Marna alimruhusu kumpanda Kaneel, farasi jike mwenye rangi ya mdalasini na macho ya mwanamke aliyezaa wengi.

Pale walicheza mbio za mapipa. Mapipa matatu yanasimamishwa kwenye uwanja wa mchanga, farasi anaingia kwa kasi, anazunguka moja baada ya jingine akiwa karibu nalo kabisa, kisha anarudi mlangoni kama aliyeiba. Mwenye muda mfupi ndiye mshindi, na pipa likianguka unaongezewa sekunde tano. Mara ya kwanza kumwona Riziki akiinama pamoja na farasi kwenye kona, goti lake likipita juu ya ukingo wa pipa, nilikaa chini bila kuangalia nilikuwa nakalia nini. Farasi akijipinda hivyo, kwato ya nyuma inaweza kuupiga mguu wake mwenyewe wa mbele, au mguu ukaparuza pipa. Na nyuma ya mguu ule hakuna nyama. Kuna mshipa mgumu kama kamba ya kuning'inizia nguo, na ngozi juu yake, basi. Ndiyo maana ya buti. Marna alikuwa na sheria zake, na alizisema kila wiki kana kwamba ni mpya. Piga mguu brashi kwanza, maana chembe moja ya mchanga ndani ya buti ni tupa. Vua mara tu mbio zikiisha, maana mguu unaiva humo ndani. Na bendeji, zile ndefu za sufu alizotumia kwa farasi waliochoka, zisiguswe na mtu kama yeye hayupo. “Buti ikikosewa inaanguka,” alisema. “Bendeji ikikosewa inaharibu mguu.” Riziki alinitafsiria, nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekubali.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya shindano la kwanza la Riziki. Mtoto alikuwa halali vizuri. Alipanga vikombe vitatu juu ya meza yangu ya kushonea na kuvizunguka kwa kidole, na nilipokuwa nakata kitambaa ilinibidi nisubiri farasi apite. Jumamosi hiyo buti moja ya Kaneel, ambayo mkanda wake ulikuwa umechoka, iliteleza katikati ya mazoezi ikajikusanya juu ya kwato. Kaneel akajikwaa, Riziki akarushwa mbele hadi akakumbatia shingo. Hakuanguka. Marna akasema tusubiri, anakwenda nyumbani kutafuta buti nyingine, akaondoka. Lakini mimi sikungoja. Nikaingia stoo, nikachukua bendeji za sufu, nikapiga magoti mbele ya farasi.

“Koko, Tannie amesema pamba kwanza, chini ya bendeji,” Riziki akaniambia. Koko ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Kiswahili alikisikia chote, ila kukizungumza aliona ni kazi.

“Pamba ni ya kidonda. Wewe unaona kidonda hapa?”

“Eish, Koko. Amesema tusiguse.”

“Nimefunga matumbo ya wanawake waliojifungua kabla huyo Tannie wako hajaota meno. Shika kichwa cha farasi.”

Akashika. Angefanya nini? Kwetu mwanamke akishazaa anafungwa tumbo kwa kitambaa, anakazwa mpaka anaguna, na wakimtafuta mkono mzuri wa kufunga waliniita mimi. Basi nilimkaza Kaneel miguu yote ya mbele hivyo hivyo, bila pamba, nikiegemea nyuma kwa uzito wangu wote, na uzito ninao. Nilipomaliza nilijisifu kimoyomoyo. Zilikaa kama soksi za mwanajeshi. Riziki alimpeleka uwanjani, na hawakufika hata pipa la kwanza mbingu ikapasuka, ile mvua ya mawe ya alasiri ya Johannesburg isiyobisha hodi. Wakarudi mbio wameloa, Kaneel akaingizwa bandani na bendeji zake, na sisi tukakimbilia jikoni kwa Marna kunywa chai. Tulikaa saa mbili. Sufu ikilowa inajikaza. Fundi wa kushona hapaswi kuambiwa jambo hilo, nami nililisahau.

Marna ndiye aliyezifungua. Nilisimama mlangoni mwa banda na kikombe mkononi. Miguu ilikuwa na mifereji, imevimba juu ya bendeji na chini yake, na Kaneel alikuwa akiinyanyua mmoja mmoja kama anayekanyaga makaa. Marna aliipapasa kwa muda mrefu. Kisha akauliza, kwa Kiingereza chepesi ambacho hata mimi nilikielewa, ni nani amemfunga farasi huyu.

“Mimi, Tannie,” Riziki akasema.

Swali nililielewa. Jibu nililielewa. Niliangalia chai yangu.

Marna hakupandisha sauti. Alimwambia mtoto kwamba hatakwenda kwenye shindano, na kwamba hatapanda tena mpaka yeye mwenyewe aone kama anaweza kumwamini. Kisha akampa mpira wa maji baridi, amwagilie Kaneel miguu. Riziki alimwagilia akilia bila sauti, hata alipoambiwa inatosha aliendelea. Nami niliingia kwenye gari la Amisi nikakaa mbele.

Wiki ile nilijiambia kwamba nilinyamaza kwa ajili ya kazi ya Amisi. Uongo. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka mtoto wala mzungu ajue kwamba kuna kitu cha kufunga ambacho sikijui. Riziki hakunilaumu hata kwa jicho, na hilo ndilo lililonikera. Vikombe alivirudisha kabatini. Jumatano, nikiwa nashona, aliniuliza tu, “Koko, unafikiri bado inamuuma?” Nikamwambia mashine inapiga kelele, simsikii. Mguu wangu ulikuwa umeshaacha kukanyaga.

Sasa niuguse huo utoto wangu. Uvira, nikiwa na miaka kama kumi, shule nimeshaiacha, nilikuwa namfuata mama yangu kufunga wanawake waliojifungua. Kazi yangu ilikuwa kushika ncha ya kitambaa. Siku moja mama alimkaza mwanamke mmoja kupita kiasi, mwanamke akazimia, na watu walipokuja juu mama akasema ni huyu mtoto, amevuta vibaya. Nikapigwa kofi na mama mkwe wa yule mwanamke, kofi ambalo ninaweza kulipima ukubwa hata leo. Mwanamke aliamka, akanywa uji, yakaisha. Mama yangu aliishi miaka mingi baada ya hapo, alinipenda, alinifundisha kila kitu alichokijua, na neno moja juu ya siku ile hakulisema mpaka tukamzika. Nilimsubiri. Ndivyo nilivyokumbuka, mguu juu ya mashine: nilikuwa mtu mzima mwenye watoto na bado nilikuwa namsubiri.

Jumamosi iliyofuata nilimwamsha Riziki mapema. Nikamwambia, “Utanitafsiria.” Tulimkuta Marna anapakua majani, Amisi akimsaidia. Nikasema kwa Kiswahili kwamba mimi ndiye niliyefunga. Riziki akasema maneno machache, nami Kiingereza kidogo ninacho, nikasikia kwamba bibi alimsaidia.

“Nilikusaidia wapi? Mwambie nilifunga peke yangu, na wewe ulinikataza.”

“Koko, atakasirika.”

“Akasirike. Ana mdomo, atasema. Tafsiri.”

Amisi alikuwa anaangalia paa. Mtoto aliinamisha kichwa na hakutafsiri. Basi nikanyoosha mikono yangu miwili mbele ya yule mama, nikasema kwa Kiingereza changu cha kununulia mkate: hii, mikono yangu, mtoto alisema hapana, mimi nilisema nyamaza. Kisha nikamgeukia Riziki, na haya niliyasema kwa Kiswahili kwa sababu yalikuwa yake. “Nilikuacha ubebe kitu changu. Nisamehe.” Sijawahi kumwomba mtoto msamaha kabla ya hapo. Taya zilikuwa ngumu kama ninatafuna kamba.

Marna alinitazama. Akaingia stoo, akarudi na bendeji, akanipa. “Mfunge Riziki mkono,” akasema. “Kama ulivyomfunga farasi.”

“Kwa hiyo mimi ni farasi sasa,” Riziki akasema, lakini mkono akautoa.

Nikaanza kifundoni. Nilitaka kufanya kweli, nionyeshe nilivyokosea, nimalize. Lakini nilipofika kuvuta, vidole vilikataa. Mkono wa mtoto ulikuwa mwembamba, mfupa uko pale pale chini ya ngozi, mshipa unacheza. Nilizungusha nikauacha upumue, nikazungusha tena, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, mpaka karibu na kiwiko. Marna akapitisha kidole kimoja chini ya bendeji. Kikapita bila kubanwa. Akaitikia kwa kichwa. “Hivyo, Gogo,” akasema. “Hivyo hivyo.”

Kwenye shindano lile Riziki hakwenda, kwa sababu miguu ya Kaneel ilihitaji kupumzika, na farasi hajui msamaha, anajua kupona tu. Ila alirudishiwa brashi na ndoo zake siku ile ile. Mimi nilishona pedi za kuweka chini ya bendeji, kwa blanketi la zamani. Marna alizirudisha. Mshono ulikuwa umesimama katikati na ungekaa juu ya ule mshipa. Nimeshona suti za maharusi, na hapo nikakataliwa soksi ya farasi. Nikafumua, nikashona mshono ulale pembeni, akazipapasa kwa mgongo wa mkono, akazichukua.

Mwezi na nusu baadaye Riziki alikimbia, katika shamba jingine, mbele ya watu waliokaa kwenye viti vya kukunja na masanduku yao ya vinywaji. Marna alimwambia mtoto afunge buti mpya mwenyewe, akaniambia mimi nikague. Nilipitisha kidole kila mkanda. Pipa la kwanza alilizunguka kama uzi unavyozunguka kigurudumu cha mashine. La pili Kaneel aliligonga kwa mguu wa mbele, nikausikia mgongano ule mpaka nilipokaa, pipa likayumba, likafikiri, likaanguka. Sekunde tano. Akamaliza wa tatu kutoka mwisho. Alipotoka uwanjani hakuuliza muda wake. Aliruka chini, akapiga magoti mchangani, akabandua buti ile iliyokuwa imechubuka na kupakwa rangi ya bluu ya pipa, akaupapasa mguu ulio chini yake. Manyoya yalikuwa yamelala, ngozi baridi, bila uvimbe. “Weka mkono, Koko,” akasema. Nikaweka. Kuna mama mmoja alipita akamwambia pole kwa pipa, na mjukuu wangu akamtazama kama hajui anazungumzia pipa gani. Hapo nilijisikia mrefu kuliko farasi.

Sasa ni mwaka 2019. Riziki ana miaka kumi na minne, amenipita kimo, Kaneel amezeeka na kazi yake ni kula na kutazama, na mtoto anampanda farasi mwingine mwenye hasira anayemfaa. Magoti yangu yananiruhusu Jumamosi moja katika nne. Nikiutazama utoto wake na wangu, katika wangu nilibeba makosa ya wakubwa kama maji kichwani, bila kumwaga. Wa kwake una kelele zaidi. Mwezi uliopita nilimshonea sketi ya shule, ikatoka fupi upande mmoja, nikamfokea kwamba siku ya vipimo hakusimama sawasawa.

“Nilisimama sawasawa,” akasema, kwa Kiswahili, ili nisisingizie lugha. “Wewe ndiye uliyepima vibaya.”

Uvira, kwa jibu kama hilo, ningeng'oka jino. Nikachukua futi ya kupimia, nikamsimamisha, nikapima upya. Nilikuwa nimekosea kwa upana wa vidole viwili. Nikakaa nikafumua, naye akakaa chini karibu yangu, akiokota nyuzi.