Mashine ya Picha Iliyotoka Kitale

Desemba iliyopita nilipita Kitale nikakuta ile sinema yetu ya zamani inauza magodoro. Chini ya rangi mpya ya kijani bado unaweza kuona mahali herufi za jina lake zilipong'olewa. Niliingia nikajifanya mnunuzi. Mwenye duka akanifuata hatua kwa hatua, macho yake kwenye mkoba wangu, nami sikumlaumu. Nilikuwa nikitazama matundu mawili madogo yaliyo juu ukutani, yale ambayo mwanga wa picha ulipitia, na mtu anayetazama dari katika duka la magodoro lazima ashukiwe.

Ukweli ni kwamba mimi sikuwahi kuona picha humo ndani. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilipokuwa darasa la sita, filamu zilikuwa zimekwisha. Jumapili kanisa fulani liliomba humo, na siku nyingine ilikuwa stoo ya mahindi. Ukichungulia mlangoni ulisikia harufu ya magunia ikichanganyika na moshi wa sigara za zamani ulionasa kwenye viti.

Sinema yenyewe niliijua kwa mdomo wa nyanya yangu, niliyemwita kukhu kama wafanyavyo watu wa Bungoma, alikotoka. Tulikaa wawili tu, mtaa wa Kibomet. Ujana wake wote aliuza njugu karanga mlangoni pa sinema ile. Alipokuwa akichambua maharagwe alinisimulia jinsi wanaume walivyotoka kwenye picha wakitembea kifua mbele kama mashujaa waliowaona, hadi wakifika kwenye tope la barabara ndipo wanakuwa watu wa kawaida tena. "Firamu," alisema, kwa sababu l na r kwake zilikuwa kitu kimoja, "firamu ilikuwa inafanya mtu anasahau shamba."

Kukhu hakumwamini mtu. Unga ukitoka kwa posho mill aliuonja kwa ncha ya ulimi kuhakikisha ni wa mahindi yake. Mhubiri akija nyumbani, alimpa chai na kukaa kati yake na mlango wa chumba cha kulala. "Mtu anakusalimia mara mbili," alizoea kusema, "ujue anatafuta kitu." Nami nilijifunza kushuku kama nilivyojifunza kusonga ugali, kwa kusimama karibu naye.

Alimwamini mtu mmoja tu, mzee tuliyemwita Fundi. Wazazi wake walitoka upande wa kati wa nchi wakaja kulima Trans-Nzoia, lakini yeye alipenda vyuma kuliko jembe, na ndiye aliyeendesha mashine ya picha tangu enzi za tajiri wa Kihindi aliyekuwa na jumba lile. Sinema ilipofungwa alibaki na chumba kidogo nyuma yake, akitengeneza redio, na ufunguo wa chumba cha mashine ukining'inia shingoni. Watu walisema anafuga jini huko juu. Sisi watoto tulivuka barabara tulipomwona.

Kisha jumba likapata mmiliki mpya, na habari zikaenea kwamba vyuma vyote vitauzwa skrapu. Alasiri moja ya wiki hiyo, nikitoka shuleni, niliona mkokoteni ukitokea uchochoro wa nyuma ya sinema. Fundi alikuwa akiusukuma. Kando yake alitembea Kukhu, mkono mmoja juu ya mzigo kama mtu anayemshika mgonjwa asianguke. Mzigo ulifunikwa kwa blanketi la mistari myekundu. Lilikuwa blanketi langu. Nikajificha nyuma ya kibanda cha mboga hadi wakapita.

Jioni nilimuuliza ametoka wapi.

"Kanisani. Tulikuwa na mkutano wa akina mama."

"Na blanketi yangu?"

"Nimeifua. Haijakauka."

Ilikuwa Julai, mvua ilikuwa imenyesha tangu saa tisa, na kamba ya nguo ilikuwa tupu. Usingizi haukunijia haraka. Mtu aliyenifundisha kutomwamini yeyote alikuwa amenidanganya mara mbili kabla ya ugali kuiva.

Siku mbili baadaye kijana wa yule mmiliki mpya alikuja kusimama nje ya shule yetu. Alivaa shati safi na alikuwa mpole sana. "Sasa, msichana," akaniambia. "Wewe si unakaa na yule mama wa njugu? Kuna mashine imepotea. Hujaona mtu akibeba kitu kikubwa?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilikuwa na hasira na Kukhu, na tena nilifurahi kuulizwa kama mtu mzima. Nikasema nimemwona Fundi na mkokoteni, na mzigo umefunikwa kwa blanketi la mistari myekundu. Jina la Kukhu sikulitaja. Nilidhani hivyo nimemwokoa.

Askari walimchukua Fundi kesho yake asubuhi, akiwa na redio mapajani. Alilala kituoni usiku mbili kwenye sakafu ya simenti, na unajua baridi ya Kitale ya mwezi wa saba. Walimuuliza mashine iko wapi, naye hakujibu neno. Siku ya tatu Kukhu alivaa nguo ya kanisa, akatoa karatasi iliyokunjwa kutoka ndani ya kopo la majani ya chai, akaenda kituoni peke yake. Ilikuwa barua ya yule tajiri wa zamani, yenye sahihi yake, ikisema mashine ameiacha mikononi mwa Fundi kwa kazi yake ya miaka mingi, iwe mali yake. Wakamwachilia Fundi mchana ule. Alitoka akikohoa.

Nilimsikia Kukhu akimweleza jirani kwa nini hawakuionyesha barua tangu mwanzo. "Ungempatia huyu tajiri mpya hiyo karatasi," alisema, "angetaka kuishika. Akishaishika, imepotea."

Jirani alipoondoka, Kukhu alinigeukia. "Nani alimwambia yule kijana mambo ya blanketi?"

"Sijui."

Akanitazama, kisha akaendelea kupepeta maharagwe yake.

Hakunipiga wala kunisema. Lakini tangu siku ile, kila Fundi alipokuja kunywa chai, nilitumwa maji. Nikiingia jikoni, mazungumzo yalihamia kwenye mvua. Kopo la majani ya chai lilihamishwa, na sikuambiwa lilikohamia. Hadithi za sinema zikakoma.

Mashine ilitolewa ilikofichwa, ikasafirishwa juu ya lori la mahindi hadi Bungoma, kwa dadake Kukhu, karibu na reli. Likizo ya Agosti tulikwenda huko. Fundi aliiweka katika stoo, akaziba madirisha kwa magunia, akaazima jenereta na kutundika shuka. Filamu aliyoiokoa ilikuwa kipande tu, bila sauti: mwanamke anaanika nguo, upepo unazipeperusha, anacheka na mtu ambaye hatumwoni. Kisha ikakatika. Fundi aliniita nisimame kando yake niione ikizunguka, na joto la taa likanipiga usoni. Hadi leo sijui kama aliniita kwa wema au alitaka nione nilichokuwa karibu kukiua. Kukhu alikaa upande wa pili wa chumba.

Fundi alikufa mwaka uliofuata; kile kikohozi hakikumwacha. Mashine ilipotea baadaye kutoka stoo ile. Binamu yangu husema iliibwa. Aliyasema hayo kabla sijamuuliza, ndiyo maana simwamini.

Kukhu nilimwambia ukweli miaka saba baadaye, alipokuwa hatoki tena kitandani.

"Ni mimi nilisema ile maneno ya blanketi."

"Nilijua siku ileile."

"Mbona hukuniuliza tena?"

"Ningekuuliza tena ungenidanganya tena. Nikaona heri ningoje."

Alishika mkono wangu, akaanza kunisimulia siku umeme ulipokatika katikati ya picha na watu wakaimba gizani hadi ukarudi. Sikuwahi kuisikia hiyo. Akapitiwa na usingizi kabla ya kumaliza, na wiki ile ile tulimzika Bungoma.

Jumba bado limesimama, na mtu akitaka anaweza kulipaka rangi na kulirudishia jina lake. Lakini hadithi za yale aliyoyaona Kukhu mlangoni pale, zile ambazo angenisimulia katika miaka ile saba, hakuna mwingine anayezijua.